Kampeni ya Bakubwa Batupu

Maman Orpa alikuwa mshonaji kutoka Fizi, mjane mwenye mgongo mbovu, na bomba ya maji ya mtaa wao pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, ilikuwa imekufa tangu mwezi wa nne. Miezi mitano anabeba maji kwa bidoni kutoka mtaa wa pili, na kiongozi wao akiulizwa anajibu tu, tutaona. Basi jirani yake Véronique aliposema atagombea kiti cha huyo kiongozi, na kazi yake ya kwanza ni bomba, Orpa akajitosa mzima mzima: mi njo nitakutafutia bantu ba kukusaidia.

Lo, bantu gani! Alitaka kumi wa kupita nyumba kwa nyumba. Kila aliyemwendea aliuliza swali moja: mi nitakuwa nani? Hakuna aliyekubali kuwa mtu hivi hivi. Siku ya nne Orpa akachoka kubembeleza. Akamfanya Jean-Baptiste, aliyekuwa mwalimu Uvira, prezida wa kampeni. Mwingine makamu, mwingine konseye, yaani mshauri. Konseye wa pili akanuna mpaka akaitwa konseye mkuu. Orpa akapanda minibasi hadi Lilongwe, Old Town, akawachapishia beji. Walizivaa hata msibani.

Kutembea sasa? Wapi! Walifanya vikao. Wiki tatu za vikao, sala ya kufungua, sala ya kufunga, na kila mlango uliobishwa hodi aliubisha Orpa mwenyewe, mgongo unawaka moto.

Siku ya kura watu walijaa. Pale kura ni kusimama nyuma ya mgombea wako, mnahesabiwa. Orpa akasimama nyuma ya Véronique, akageuka kutafuta kumi wake. Wamekaa mbele, kwenye viti vya wageni, beji kifuani, mguu juu ya mguu. Akawapungia mkono waje. Jean-Baptiste naye akampungia, kwa heshima zote. Ati mkubwa anapangaje mstari na kila mtu? Hesabu ikafungwa, Véronique ameshindwa kwa kura saba.

Asubuhi akabeba bidoni yake. Kwenye mstari wa maji, hatua moja mbele yake, alisimama Jean-Baptiste na bidoni. Mkewe, mchota maji wa kila siku, ameamka na homa. Akamsalimia vizuri, kisha akauliza kikao cha kupima kampeni wakiweke siku gani.

"Papa prezida," Orpa akasema, "jana ulishindwa kusimama dakika kumi. Sasa simama."

Mbele yao kulikuwa na watu arobaini.