Fimbo Niliyoiacha Chini ya Kiti

Nitawasimulia mwenyewe, maana hata nikinyamaza Nkubu nzima inajua: mimi ndiye yule mwanamume aliyeangusha jeneza la mama yake. Anayetaka kucheka acheke, nilishazoea.

Mwaka huo nililala mwezi mzima katika chumba cha wagonjwa mahututi, nikipumua kwa mashine, na nilipotoka miguu haikuwa miguu tena. Misuli ilikuwa imekwisha, hata kijiko cha uji kilinishinda (mimi niliyekuwa nikibeba gunia la kahawa mgongoni hadi kiwandani!). Daktari akasema nguvu zitarudi polepole, pengine mwaka, pengine zaidi. Mama hakujali. Alinichongea fimbo ya mti wa kahawa, akawa ananitembeza shambani kila asubuhi, leo miti mitano, kesho sita, na nikianguka ananiinua na kusema, "Kirimi, pole pole, hakuna mtu anakufukuza." Mwezi wa nane nikafika langoni. Wiki hiyohiyo moyo wake ulisimama akiwa anachuma kahawa.

Siku ya mazishi niliwaona wenzangu wa kazini wakiingia, nikaona haya, fimbo nikaisukuma chini ya kiti. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mtu asiye na fimbo huonekana mzima, na ilipofika saa ya kubeba jeneza mzee mmoja akasema, "Firstborn ashike mbele," yaani mimi, kifungua mimba. Dada yangu Karimi akanivuta koti. "Wewe keti! Hapo ni mteremko, na mvua imenyesha." Nikamwambia aniache, huyo ni mama yangu.

Hatua kumi zilikwenda vizuri (nilizihesabu kama tulivyokuwa tukihesabu miti). Ya kumi na moja goti likakunjika, nikadaka kamba ya hema nisianguke, hema likawafunika akina mama wa kwaya, suruali iliyokuwa ikinipwaya tangu hospitalini ikateremka, na jeneza likagonga udongo kwa upande wangu. Mwenye maikrofoni akachanganyikiwa, akasema, "Tusimame tuombe," na watu wote walikuwa tayari wamesimama.

Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Nikalia palepale matopeni, na sikulia kwa sababu ya suruali. Aliyezoea kuniinua alikuwa ndani ya lile sanduku. Shemeji yangu akashika mahali pangu, wakaenda. Karimi akaniletea fimbo, akanifunga mshipi, tukafuata polepole, na tulipofika kaburini walikuwa wameshamteremsha.

Ningeshika fimbo tangu mwanzo, ningetembea nyuma ya mama yangu hadi mwisho, na hakuna ambaye angenicheka. Leo miguu imepona, lakini fimbo naibeba hata nikienda dukani. Nimeapa sitaificha tena mbele ya mtu yeyote, ingawa kiapo chenyewe kimechelewa: mama wa kumsindikiza nilikuwa naye mmoja tu.