Sweta la Mshindi

Juzi kule milimani Hatta, huku Dubai ninakofanya kazi za ndani, madam wangu na marafiki zake walikimbia mbio wamevaa glavu, eti baridi. Niliwadharau moyoni, labda nawaonea, maana nilikumbuka mbio zetu za shule kwetu Makete, Tanzania.

Tulikimbia peku kwenye majani meupe kwa sakitu, umande ulioganda, pareto ikinukia, tukigombea sweta moja.

"We Neema, nisubiri bwana!" rafiki yangu Tumaini alilia nyuma. Thubutu!

Nikafika wa kwanza. Mgeni rasmi kutoka mjini, mtu mzima ovyo, alikuwa amelivaa sweta la zawadi, limembana kitambi. Kusema haki, baridi ilikuwa kali.

"Hongera, mwanangu," alisema akitetemeka.

Nilidhani ananipashia joto sweta langu. Nikasimama pembeni yake nikisubiri alivue, mpaka akapanda gari akaondoka na sweta.