Ovaroli ya Kupigiwa Picha

Anayeniita shujaa anikome. Wakati wa korona, hospitali yetu hapa Thika ilituvika kilemba cha ukoka kila Jumatatu asubuhi: mashujaa wetu, mashujaa wetu. Halafu kila muuguzi akapewa maski moja nyepesi ya kutumia mpaka Ijumaa. Shujaa, nilikuja kujua, ni mtu asiyetakiwa kuuliza maswali.

Nilifanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa korona pamoja na mwenzangu mmoja, mama wa watoto wawili aliyeishi mtaa wa Landless. Alikuwa na pumu. Kila mtu alijua, maana akipanda ngazi ungemsikia kutoka chini. Aliomba ahamishiwe kliniki ya watoto. Metroni wetu, mcha Mungu hodari linapokuja suala la pumzi za wengine, akamwambia, "Sista, sisi sote tuko mikononi mwa Mungu." Yeye mwenyewe alikuwa mikononi mwa Mungu akiwa ofisini, mlango umefungwa kwa ufunguo. Mwenzangu akaenda sokoni akanunua koti la mvua la manjano, akawa analivaa wodini. Wagonjwa wakadhani nje kunanyesha.

Siku moja tukaambiwa mheshimiwa fulani analeta vifaa vya kujikinga. Nikamwambia mwenzangu, "Leo utapata maski ya maana. Nitakuletea mimi mwenyewe."

Akacheka. "Haya, leta. Lakini ukichelewa utanipata nimeota mapezi ndani ya hili koti."

Chini ya hema kulikuwa na maboksi sita mezani. Nilichaguliwa kuvaa, eti kwa sababu mimi ni mrefu na nitatokea vizuri. Nikavishwa ovaroli nyeupe, glavu, miwani, na ile maski nene inayobana uso. Mheshimiwa akanisalimia kwa kiwiko, akahutubia kuhusu uzalendo, akapigwa picha kutoka kila upande, hata ule usiompendeza. Alipomaliza kunywa soda akaenda zake.

Mtu wa stoo akaja mbio. "Sista, vua polepole, usirarue. Hiyo inaenda Ruiru. Kuna foto ingine huko saa nane."

Nilidhani anatania. Nikasukuma boksi moja kwa kidole, likateleza mpaka ukingo wa meza. Nikasukuma la pili. Matupu yote. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: kifaa kilikuwa kimoja tu, na nilikuwa nimekivaa mimi.

Nikaondoka. Metroni akapaza sauti, "Sista! Unaenda wapi na hiyo kitu?"

"Kazini, madam."

Wakanifuata, metroni, mtu wa stoo na dereva wa gari la kwenda Ruiru, mpaka mlango wa wodi yetu. Hapo miguu ikawaganda. Hakuna aliyethubutu kuukanyaga mstari mwekundu uliochorwa sakafuni mlangoni. Kinachovaliwa ndani ya wodi ile hakitoki ila kwa kwenda kuchomwa, na wao walilijua hilo vizuri. Niliusukuma mlango kwa mgongo, nikiwatazama, nikawapungia mkono wenye glavu. Sijawahi kufurahi hivyo katika kazi hii. Niliwadharau, na nilitaka waone ninavyowadharau.

Mwenzangu alikuwa ameinama akimgeuza mzee mmoja wa kijiji cha Theta alalie tumbo, apate kupumua. Maski yake ilikuwa imelowa. Akaninyanyulia macho, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Woiye, umependeza," akasema. "Na yangu?"

Maski niliyoingia nayo usoni singeweza tena kuivua nikampa, maana hewa ya wodi ilikuwa imeshaichafua. Kando ya mlango ule kuna dirisha ambalo hukaa wazi mchana kutwa. Ningeweza kusimama pale nje, nikaivua ikiwa bado safi, nikampitishia mkononi. Nililipita dirisha lile bila kuliona, kwa jinsi nilivyokuwa na haraka ya kuwashinda watu watatu wasiofaa kitu.

Wiki iliyofuata alilazwa kwenye wodi ileile, nikamhudumia mimi. Hakuniuliza tena. Siku ya tisa akafariki, nikaondoa mashuka yake na kutandika mengine kwa mgonjwa aliyekuwa akingoja kwenye korido.

Metroni namdharau mpaka leo, na mheshimiwa pamoja na maboksi yake. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwahidi maski. Nilimwahidi mimi.