Mwanga Chini ya Chombo

Kiwanda cha nguo kiliponipunguza kazi, nilikuwa nimechora maua ya vitenge miaka kumi na moja. Maua ya kitenge hayana kivuli wala umbali; yamelala bapa kama chapati. Sasa bwana mmoja aliyefungua gazeti la watoto mjini alitaka mchoraji wa hadithi ya chombo cha kwenda angani. Alinipa wiki moja nimletee mchoro. Kazi nyingine iliyokuwapo ilikuwa kukata minofu ya sangara kwenye kiwanda cha samaki, na mikono ya jirani zangu wa Kiseke waliokwenda huko nilikuwa nimeiona. Niliogopa, sifichi.

Mchoro wa kwanza ulikuwa kituko, sufuria yenye mabawa. Nikauchana. Wa pili na wa tatu nao hivyo hivyo. Siku ya nne, machozi yakinilenga, nikashuka ziwani, ambako fundi mmoja mzee alikuwa akiziba nyufa za mtumbwi uliopandishwa juu ya magogo. Nikakaa kando na karatasi yangu, nikaanza kuuchora.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Mbona unauchora mtumbwi wangu?"

"Nataka uruke."

Alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Kisha akaniambia nihamie mbele, puani. Kutoka pale mtumbwi mrefu ukawa mfupi, na mbao zake zikabanana kadiri zilivyoelekea nyuma. Kumbe nilikuwa nikichora pande zote kwa mpigo, kama kitambaa kilichotandazwa! Nikazifuata mbao moja moja kwa rula, zote zikutane mbali. Vivuli nikaviweka kama nilivyoviona: juu mwanga, ubavuni giza, chini ya tumbo mng'ao mwepesi.

Nilifuta na kurudia mpaka siku ya saba. Nilikipenda kile chombo. Nilijiambia nimepona.

Bwana wa gazeti alikitazama kwa muda mrefu.

"Mistari safi. Huu mwanga wa chini unatoka wapi?"

Niliinama kuutazama tena mchoro.

"Jua umelichora juu. Huko angani, chini kuna nini?"

Maji, nilitaka kusema. Tangu utotoni sikuwa nimeona chombo kisichomulikwa na ziwa kutoka chini. Nilidhani ule mng'ao ni wa chombo chenyewe.

"Naomba penseli, bosi. Dakika tano tu. Tafadhali."

Akanipa. Nikalitia tumbo giza, nikikandamiza kuliko inavyofaa. Karatasi iliyosuguliwa kwa raba siku tatu ikatoboka palepale, mbele yake.

"Pole, mama," alisema. "Nitakuita."

Hakuuliza ninakaa wapi.

Jumatatu nilikuwa nimevaa buti na aproni. Wakanisukumia sangara wangu wa kwanza mezani, taa ikimpiga kutoka juu. Mgongo wake uling'aa, ubavu ukafifia taratibu, na chini kukawa na giza tupu. Nilimwangalia mpaka msimamizi akanipigia kelele, ndipo nikashika kisu.