Walichotaka Kujua Watu wa Ruzuku

Dada yangu alikuwa muuguzi Nizwa, huku Omani, na hamu yake yote ilikuwa kutengeneza filamu ndefu ya hadithi, juu ya mwanamke aliyetoka Unguja akaja kukaa Ibra bila ya kujua Kiarabu. Miaka ya themanini ndiyo kwanza imeanza. Mimi nilikuwa mpiga taipu ofisini, kwa hivyo daktari mmoja wa kigeni alipompa fomu ya kuombea ruzuku Ulaya, ikaangukia kwangu.

"Ruzuku ndiyo nini?" mama aliuliza. "Mkopo?"

"Wanakupa, mama, hurejeshi."

"Sadaka basi."

"Wala si sadaka. Wanataka kwanza wakuone, wakuulizeulize."

Mama akacheka. "Hiyo posa."

Fomu ilitaka kipande cha filamu. Kamera ya dada haikuchukua sauti, na mkanda wenyewe ulikuwa wa dakika tatu tu. Ijumaa tukaenda nyumbani Ibra, tukamkalisha mama uani na sinia la mchele.

"Jifanye umefika jana," dada alimwambia. "Humjui mtu."

Mama akachagua mchele, huku akisema polepole, mpaka mkanda ukaisha. Dada alihangaika na kamera, mimi nimeshika shuka jeupe kumrudishia mwanga usoni. Sauti yake tuliisikia, maneno hatukuyashika.

Baada ya miezi ikaja barua. Wamependa, ila kabla ya kuamua wana swali: yule mwanamke anasema nini?

Tukarudi Ibra. Shikamoo, marahaba, kisha dada akamsomea barua.

"Kiswahili hawakijui?" mama aliuliza.

"Hawakijui."

"Na wamenitazama mdomo mpaka mwisho?" Alistaajabu sana. Halafu akasema, "Nilikuwa nazungumza na mama yangu. Yeye alibaki Unguja. Nilipofika hapa, kila siku nilikuwa namweleza kimoyomoyo. Leo nimekwenda kwenye falaji, mfereji wao, kuchota maji, wanawake wameniuliza jina, nimewajibu kwa kichwa. Leo nimejua chumvi wanaitaje."

Miaka yote tumelelewa naye, hatukuwa tunalijua hilo. Dada akavuta mkeka karibu. "Na siku ya pili yake?" Akauliza, akauliza tena, mpaka adhana ya alasiri. Niliporudi Nizwa nilipiga taipu kurasa nne, tukazituma.

Ruzuku ikaja, lakini ya kuandika hadithi tu. Dada akachukua likizo bila mshahara, akaandika. Ya kupiga picha tuliomba mara mbili, mara zote tukakataliwa, naye akarudi wodini. Filamu haikupigwa.

Mswada tukawa tunawasomea majirani zetu wa Ibra, Alhamisi alasiri. Mmoja, mzee wa kike wa Pemba, alikuwa haachi kuuliza: "Na mume alikuwa wapi siku zote hizo?"

Dada alimtazama mama. Mama akainuka, akasema anakwenda kutia kahawa. Wiki ile ile dada akakaa tena na kalamu, akaanza kumwandika mume.