Kijiji Kinachofuata Mashine

Ukitaka kwenda kwetu, shuka Maneromango, kisha tafuta dereva wa bodaboda mwenye pikipiki iliyokwisha kuchakaa. Mwenye pikipiki mpya atakutazama, ataitazama barabara, halafu atakwambia ana abiria mwingine. Utapita mikorosho na mashamba ya muhogo, na utaisikia mashine ya kusaga kabla hujaona paa hata moja. Hapo umefika. Zamani ungeisikia ukiwa umeshateremka mpaka chini kabisa, kando ya mto. Siku hizi inaunguruma juu, barabarani, na kuitoa kule hadi huku, mwendo wa kupanda kilima kifupi tu, kulinimaliza nguvu.

Nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Kibaha. Kumweleza mtu yule yule jambo lile lile mara nne hakunichoshi. Ndiyo kazi yangu, na naipenda. Basi niruhusu nieleze.

Mto wetu ni mdogo. Kiangazi unauvuka ukiwa umekunja suruali, masika huuvuki. Kabla ya kuwapo kijiji, pale palikuwa na madimbwi tu, na wanawake waliotoka mashamba ya mbali kuja kuloweka muhogo. Muhogo wetu mwingi ni mchungu: unaumenya, unaulaza majini mpaka ulainike na sumu itoke, unauanika, ukikauka unaitwa makopa, ndipo unakwenda kusagwa. Mfanyabiashara mmoja aliwaona wanawake wale wakibeba makopa yao kwenda kuyatwanga huko makwao, akafunga mashine ya dizeli palepale ukingoni. Biashara aliipatia, mto hakuufikiria. Watu wakajenga kuizunguka mashine.

Baadaye, serikali ilipowakusanya watu vijijini, walipimiwa viwanja kilimani, nyumba kwa mistari iliyonyooka. Mashine ikabaki chini. Haikupita misimu mingi, mistari ile ikabaki na mikorosho peke yake. Mashine ya kwanza ilipokufa, nyingine ikafungwa mbele kidogo, kwenye kona ya mto, na nyumba zikajikokota kuifuata. Kuna vijiji vinavyofuata barabara, vingine kisima, vingine msikiti. Chetu hufuata mashine. Na hakuna nyumba iliyoifuata kwa karibu kama ya mama yangu: mashine, njia ya mguu, mlango wake.

Hapo hapo ndipo mto unapokula ardhi. Kila masika ukingo ulimeguka. Mwaka mmoja mpapai wa nyuma ya jiko ulikwenda na maji ukiwa umesimama wima, na mama akanisimulia kwenye simu kwa furaha, kama anayesimulia harusi. Nilikuwa nimeshamjengea vyumba viwili juu, karibu na barabara. Alivitumia kuhifadhia makopa.

Nikaamua kumfundisha. Nilichora kona ya mto mchangani kwa mpini wa mwiko.

"Mama, ukipanda bodaboda ikakata kona kwa kasi, unasukumwa upande gani?"

"Mimi namwambia dereva asikimbize."

"Na akikimbiza?"

"Nashuka."

"Hujashuka, mama. Bado umepanda. Unasukumwa nje ya kona. Maji nayo ni hivyo hivyo. Yanasukumwa nje, yanapiga ukingo, yanaubomoa. Udongo yanakwenda kuutua upande wa ndani, ambako yanapita taratibu. Sisi tuko nje."

Akatazama mchoro wangu kwa makini. "Kwa hiyo huku tunanyang'anywa, kule wanaongezewa."

"Hasa!" Nilifurahi kweli. Hata darasani ni wachache wanaolishika mara ya kwanza.

Niliporudi mwezi uliofuata, nilikuta ameshapigilia vigingi ng'ambo, juu ya ule mchanga mpya wa upande wa ndani. Majirani zake nao walikuwa wamepigilia. Kwa kuwa mwalimu kasema ardhi inaongezeka kule, waliona wawahi kabla watu wa kijiji cha Masaki hawajasikia.

"Mama, huko maji hufika kabla ya kwingine kote!"

"Hilo hukulisema."

"Lakini ni bondeni! Si unaona ni bondeni?"

Jirani yake, mama mmoja mwembamba ambaye hajawahi kuniogopa tangu nikiwa mtoto, akashika kiuno. "Mwalimu, sema moja. Mto unatoa au unachukua?"

"Vyote viwili, mama."

"Haya. Na huo ndio mnaoita usomi."

Nilieleza mchana kutwa, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Vigingi vikang'olewa, mama akarudi palepale pake, ukingoni. "Mashine iko hapa," alisema. "Ikihama, nitahama. Nikikaa juu, nitashusha makopa na kupandisha unga kwa miguu ya nani?"

Basi nikamwendea mwenye mashine, mzee aliyekuja zamani kutoka mikoa ya kaskazini akauziwa mashine ile na jamaa za mwenye nayo wa awali. Umeme ulikuwa umeshafika barabarani. Yeye bado alikuwa akihangaika kuteremsha madumu ya dizeli.

"Mzee, kwa nini huhamii juu?"

"Mwalimu, nikipanda nikamsagie nani? Kunguru? Mama yako akipanda, wote watapanda. Asipopanda, nitabaki nimekaa na mashine yangu tunatazamana."

"Yeye anakungoja wewe uhame."

"Mimi namngoja yeye."

"Umewahi kumwambia?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Mimi mgeni hapa. Leo nimwambie mama wa watu, aliyenikaribisha, ahame kwake?"

Mgeni! Wanawe wamezaliwa pale, wamesoma pale, na mmoja ameoa pale pale. Nikavuka njia ya mguu kwenda kwa mama, aliyekuwa akigeuza makopa juani.

"Mama, mbona humwambii mzee ahamishe mashine?"

"Mali ya mtu nimpangie mimi pa kuiweka? Na mgeni?"

Nataka uelewe jinsi nilivyokasirika. Watu hawa wawili walikuwa wakiamkiana kila asubuhi juu ya njia ile. Waliulizana wameamkaje, wakaulizana watoto, mbuzi, kikohozi na mvua. Walizungumza kila kitu isipokuwa ukingo uliokuwa ukiporomoka nyuma yao, kwa sababu kila mmoja aliona kuutaja ni kumkosea mwenzake adabu. Nami siku zote nilidhani tatizo ni jiografia.

Nilimshika mzee mkono, nikamvusha njia. "Mama, huyu anataka kuhamia barabarani, anaogopa utaona anakufukuza. Mzee, huyu atapanda siku utakayopanda wewe. Nimemaliza."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama," mzee akasema, ingawa walikuwa wameshaamkiana.

"Marahaba baba. Nisamehee huyu mwanangu. Huko mjini wanafundishwa kusema, hawafundishwi kuzungumza."

"Hapana mama, hajakosea."

"Eti juu huko upepo ni mzuri kwa kuanikia," mama akasema, akiwa anatazama mbuzi.

"Ni mzuri sana, mama."

"Na hiyo dizeli, kwa umri wako."

"Mgongo, mama. Mgongo haunisikii tena."

"Basi."

Basi! Kumbe ukingo wote ule ulikuwa ukiliwa kwa kungoja neno hilo moja.

Mashine ilipanda kwenye tela la trekta kabla ya masika, mzee akiwa amekaa juu yake kuishikilia. Nyuma walifuata wanawake na mabeseni yao, mama mbele. Bado huteremka mtoni kuloweka muhogo, na hilo simbishii. Lakini analala juu.

Mvua zilipokuja, kona ikaenda. Ilikwenda sakafu ya saruji ya mashine, likaenda jiko la mama na ukuta wa chumba alimokuwa akilala. Hapakuwa na mtu ndani. Siku ya kwanza njia ilipopitika nilifunga safari kutoka Kibaha, nikafika nimelowa tope hadi kiunoni, na sioni aibu kusema nilitegemea neno la shukrani.

Nilimkuta kwenye foleni ya mashine, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Amefika," yule jirani mwembamba akatangaza. "Mwenye mto."

"Nyumba yangu imekwenda," mama akaniambia kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kila ukija: mto, mto, mto. Jumamosi mto, Jumapili mto. Hata ungekuwa wewe, ungeitwa mara zote hizo usingekuja?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikilia mabeseni. Mzee wa mashine, kwa adabu zake, akageuka kutazama nguzo ya umeme.

"Mama, maji hayasikii. Ni lile nililokueleza, upande wa nje wa kona..."

"Koma hapo hapo!" Aliniinulia kiganja cheupe kwa unga. "Huku tumehamia juzi tu. Usije ukatuanzia na kilima."