Neno la Kipoloni kwenye Kilio cha Kapinga

Siku tuliyomzika Kapinga naikumbuka, mwanangu, mtoto wa rafiki yangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Usinikatize, nikinyamaza hapa sitaendelea tena.

Kapinga alikuwa binti wa marehemu dada ya mama. Wazazi wake walipokufa kule Kasai, tulimpokea kwetu Naviundu, huku Katanga. Kwa watu tulisema ni mtoto wetu. Nyumbani, yeye ndiye aliyechota maji, yeye ndiye aliyesonga bukari, yaani ugali. Mimi nilikuwa nasoma, eti tumaini la familia. Tumaini gani!

Asubuhi moja nikamtaka anifulie shati la kuvaa kwenye mtihani.

“Yaya,” akaniita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, “leo niko na homa. Mwili yote iko inauma.”

“Uvivu tu huo! Enda mutoni.”

Akaenda. Nilimwona akitetemeka juani, beseni kichwani, nikageuza uso. Alirudi na shati safi, akalala, na kesho yake mchana malaria ikamuua. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Kwenye kilio akaja padri wetu, mzee wa Kipoloni aliyeishi Katanga mpaka akasema kama sisi. Nikamwambia, “Padri, kwenye misa useme alikuwa anapenda kazi sana.”

Alinitazama mpaka nikaona haya.

“Kijana, kwetu kazi tunaiita *robota*. Barusi, Bacheki, Babulgaria, bote beko na neno ile. Imetoka kwa neno ya mutumwa. Na benye kufuata mizizi ya maneno banasema, zamani kabisa, mbele neno ikuwe mutumwa, maana yake ilikuwa yatima: mutoto hana baba, anatiwa mu nyumba ya bengine, anatumikishwa. Sasa huyu Kapinga, nani alimuuliza kama anapenda?”

Nina aibu tu, na nimezeeka nayo.

Sasa nasikia umemleta mtoto wa marehemu kaka yako nyumbani kwako Ruashi, na majirani wanakusifu. Sifa achana nazo. Mtoto huyo asome na wako, ale na wako. Kazi afanye, sikatai, lakini na wako wafanye vilevile. Akisema anaumwa, mguse paji la uso, acha kila kitu umpeleke hospitali. Usingoje afe ndipo umwamini.

Haya, Mungu awabariki watoto wako watatu. Ndiyo, watatu, huyo naye nimemhesabu.